Ng'ombe Saba Wenye Dhambi

Valeriani alifukuzwa kazi hotelini Jumatatu, na kufikia Alhamisi alikuwa nabii. Wapo wanaohitaji miaka mingi ya seminari, na wapo ambao hujaliwa njia ya mkato.

Hoteli yenyewe ilikuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na kosa lake lilihusu mapazia manne ambayo yalitoka chumba namba kumi na mbili yakiwa mapazia na kufika kwa fundi cherehani yakawa kanzu. Ilikuwa kanzu nzuri, nyeupe, nzito, yenye mikunjo iliyotembea kwa heshima hata pale mvaaji alipokuwa anakimbia. Siku ya kwanza kuivaa alisimama nayo Karatu mjini, mbele ya duka lisilo na sukari. Bibi mmoja aliyebeba kuku akampisha njia na kuinamisha kichwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina," alijibu Valeriani, na papo hapo akaona maisha yake yote ya mbele, kama mtu aonavyo bonde zima akiwa juu ya mlima.

Ulikuwa mwaka 1983, na dizeli ilikuwa adimu kuliko malaika. Bibi yule, Cresensia wa Endamarariek, alimweleza bila kuulizwa kwamba mvua imegoma, kwamba kigango chao hakijamwona Padre kwa wiki sita kwa kuwa gari lake halina mafuta, na kwamba yeye mwenyewe ana wajukuu watatu wanaoishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu, mwekundu, jina lake Tulia.

Valeriani alisikiliza kwa uchungu mkubwa. Kondoo wasio na mchungaji walimgusa sana moyo, hasa walipokuwa na ng'ombe.

Jumapili iliyofuata alikuwa Endamarariek, amesimama mbele ya waumini, akijiita nabii. Ufunguo wa kanisa aliutunza mzee wa kigango, Mama Germana, mjane mrefu aliyeongea polepole kama anayehesabu mbegu. Alimtazama mgeni kuanzia ndevu hadi viatu, akafungua mlango bila neno. Valeriani alipenda watu wasio na neno.

Mahubiri yake yalikuwa matamu. Hotelini alikuwa amewahudumia wamisionari wengi, akajifunza kwao jinsi ya kufumba macho na kunyamaza kabla ya jambo muhimu. Alifumba. Alinyamaza. Kisha akasema mvua haiji kwa sababu kijijini mna ng'ombe wenye dhambi.

Mzee Hhando, aliyekaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio yake, akauliza, "Ng'ombe au watu?"

"Ng'ombe, mzee wangu. Watu mmeshatubu. Ng'ombe je, nani aliwahi kuwaungamisha?"

Swali lilikuwa halijawahi kuulizwa tangu Ukristo ulipofika nyanda hizo. Nabii akaeleza kwamba ameonyeshwa ng'ombe saba, ambao atawateremsha kreta peke yake, awatakase siku arobaini, kisha awarudishe na mvua mgongoni. Hakusema kwamba njia ya kreta aliyoonyeshwa ilipita kwenye mnada wa Karatu, tarehe ishirini na tano.

Mchana ule alipita boma hadi boma akinyoosha kidole. Kidole kilikuwa na macho makali. Kililiona dume jeusi lenye nundu kama kiti. Kilimwona mtamba mwenye manyoya yanayong'aa. Kwa Cresensia kilimwona Tulia, na bibi akashika shavu.

"Huyu, Baba? Huyu hana hata kelele."

"Dhambi za kimya ndizo mbaya zaidi, bibi."

"Na watoto watakunywa nini siku arobaini?"

"Watakunywa imani."

Hhando alimvuta kanzu, akamwonyesha ng'ombe wake mwenye pembe moja, aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika. "Huyu hapa ni mwizi wa mahindi tangu zamani. Kama ni dhambi, huyu ndiye baba yao. Mchukue."

Valeriani alimtazama ng'ombe yule kwa sekunde mbili. "Huyo ameokoka," akasema, akapita.

Mama Germana, aliyekuwa nyuma yao, alikohoa. Ilikuwa dalili ya vumbi, aliwaza nabii.

Makabidhiano yakapangwa Jumapili ya pili. Valeriani alitegemea kukuta watu saba, kila mmoja na ng'ombe wake, machozi kidogo, kisha safari. Alikuta watu kumi na tisa. Wengine walikuwa wametoka Endabash na fimbo zao, na mmoja, mrefu, mwenye shuka jekundu na mkuki, alikuwa ametembea tangu Malambo.

"Hawa ni nani?" alimnong'oneza Germana.

"Wenyewe," alisema Germana.

"Wenyewe wa nini?"

"Wa ng'ombe, Ndugu Nabii."

Hapa ndipo mtu aliyekulia kwenye korido za hoteli hukosea. Yeye akiona ng'ombe ndani ya boma hudhani ameona mali ya mwenye boma. Lakini watu wale hawaweki ng'ombe wao wote mahali pamoja, kwa kuwa ugonjwa ukiingia boma moja unamfanya tajiri kuwa maskini kabla ya jua kutua. Huyu humwekea huyu mmoja, yule humwekea yule wawili. Dume jeusi lilikaa kwa Hhando lakini lilikuwa la shemeji wa Endabash. Mtamba alikuwa wa ndugu wawili wasiosemezana. Tulia mwenyewe alilala kwa Cresensia miaka sita, akamnywesha yeye na wajukuu, lakini mwenye Tulia alikuwa ndiye huyo wa mkuki, Meitamei.

Meitamei alisogea karibu. "Ng'ombe wangu amefanya nini?"

"Ana dhambi, mzee."

"Nimesikia. Gani?"

Valeriani alifumba macho. Alinyamaza. Alipofumbua, Meitamei alikuwa bado yupo. "Alikula siku ya Jumapili."

"Ng'ombe wote wanakula Jumapili."

"Huyu alifurahia."

Meitamei aliligeuza jambo hilo kichwani kwa muda, akalipeleka kwa ndugu wawili wasiosemezana, nao kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu wakasemezana.

Mama Germana akainua mkono. "Hatumkatalii mtumishi wa Mungu. Ila ng'ombe wa mtu hatoki bila kushikwa. Nabii atasimama hapa, wenyewe watamtajia kila ng'ombe, jina lake na la mama yake, naye atasema mbele yetu kwamba amemshika. Akifa, ataonyesha ngozi. Akipotea, atalipa. Maziwa ni yake, ila mtoto akija na kikombe hanyimwi."

"Bila shaka," alisema Valeriani, ambaye angekubali hata kuoa ilimradi kamba ziwe mkononi.

"Na mwenye kushika hukaa mahali ambapo mwenye ng'ombe atamkuta. Kreta ni mbali, na Meitamei anasema simba wa huko hawajaokoka. Kwa hiyo tumekujengea boma hapa, nyuma ya kanisa. Utawatakasia hapa. Nabii wa kweli hasumbuliwi na mahali."

Macho kumi na tisa mara mbili yalimtazama. Valeriani alipiga hesabu haraka. Kukataa ni kuondoka mikono mitupu. Kukubali ni kungoja mnada siku chache tu, kisha asubuhi moja kuswaga kundi kabla watu hawajamaliza chai.

"Amina," akasema. Akatajiwa ng'ombe saba, mama zao saba, na bibi zao wanne waliokumbukwa. Kila mara akasema, "Nimemshika."

Hivyo ndivyo mhudumu wa hoteli alivyopata ajira mpya bila kuomba. Aliamka alfajiri akasafisha boma. Alikamua. Aliswaga ng'ombe kwenda kutafuta majani mahali ambapo majani yalikuwa habari ya kusimuliwa. Asubuhi wajukuu wa Cresensia walikuja na kikombe cha bati, wakasimama bila kusema kitu, wakimtazama kama watu wanaotazama bomba. Akawamiminia. Na kila siku, bila kukosa, mmoja wa wale kumi na tisa alikuja kumjulia hali ng'ombe wake, akakaa, akala ugali wa nabii, akasimulia ukoo mzima wa mnyama hadi kwa ng'ombe fulani aliyewahi kumpiga teke karani wa Mjerumani.

Tarehe ishirini na tano ilipofika, Valeriani alifungua boma mapema na kushika njia ya Karatu. Hakuwa amemaliza hata kona ya kwanza alipokutana na Hhando.

"Saita, Nabii," alimsalimia kwa lugha ya kwao. "Dume la shemeji limeamkaje?"

"Salama, mzee."

"Na wewe?"

"Nami salama. Naenda kutafuta majani."

"Majani yako kule," alisema Hhando kwa upole, akionyesha kule nabii alikotoka.

Mbele kidogo mwanamke aliyekuwa akilima aliinua mgongo. "Mtamba wa kaka zangu mbona anachechemea?" Mbele tena fundi baiskeli akamuuliza Tulia anakwenda wapi, akimtaja Tulia kwanza na nabii baadaye. Katika maili mbili Valeriani alisalimiwa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ng'ombe walitangulia kuulizwa. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemshuku kwa sauti. Lakini alielewa kwamba angefika mnadani akiwa ameongozana na salamu mpaka mlangoni, na kwamba kila ng'ombe aliyemwona alikuwa na kamba ndefu isiyoonekana, na mwisho wa kila kamba kulikuwa na mtu.

Akageuza kundi. Walifika nyumbani wakiwa na njaa, yeye akiwa wa kwanza.

Angeweza kuondoka peke yake siku hiyo. Aliwaza hivyo kila jioni. Lakini kila jioni alilitazama dume jeusi, akasema moyoni, labda kesho.

Siku ya arobaini gari la Padre lilisikika likipanda kilima, limepata dizeli mahali ambapo haikuwa busara kuuliza. Misa ilipokaribia kwisha, kabla ya baraka, Valeriani alisimama. Kanzu ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Viganja vilikuwa na sugu. Alikuwa amechoka uchovu ambao hakuna uongo unaoweza kuubeba.

"Padre, ndugu zangu," alisema, "mimi ni nabii wa uongo."

Hakuna aliyeshtuka. Hhando alimuuliza jirani amesema nini, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa.

"Tunajua," alisema Mama Germana.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomkuta ng'ombe mwizi ukasema ameokoka."

Valeriani alimtazama, safari hii bila kufumba macho. "Basi mbona mliniacha?"

"Wapo waliokuamini. Ningekufukuza, wangesema tumemfukuza mjumbe wa Mungu, na wangekufuata na ng'ombe wao huko njiani. Nikaona uchunge. Mchungaji wa kweli na wa uongo ukiwatazama mimbarini wanafanana. Watazame kwenye mavi ya ng'ombe."

Padre, mtu mwenye ucheshi uliofichwa na ndevu, alisogeza kiti. "Umeshika mimbari hii bila ruhusa mara mbili. Sasa ishike kwa ruhusa. Wafundishe hawa jinsi ya kuwatambua wenzako."

Yakawa mahubiri bora ya maisha yake, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anajua anachosema.

"Nabii wa uongo," alianza, "hamwoni dhambi ng'ombe aliyekonda. Akija mtu akisema ameonyeshwa jambo, tazameni kidole chake kimeelekea wapi. Akisema lazima aende peke yake, mpeni watu wa kumsindikiza. Ukimuuliza swali akafumba macho, msubiri ayafumbue, kisha rudia swali lile lile. Anachokuogopesha nacho ndicho anachokuuzia dawa yake. Na akikwambia mjukuu wako anywe imani..." Hapa alimtazama Cresensia. "Mwambie aanze yeye."

Cresensia alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Baadaye Valeriani alimuuliza Germana kama ameruhusiwa kuondoka.

"Hukuwahi kuzuiwa. Lango lile ni miiba mitatu tu. Tulikuwa tunakungoja utoke bila ng'ombe. Ukashindwa siku arobaini."

Ng'ombe saba walirudishwa mbele ya wenyewe, kwa majina, Tulia akaenda kwa Cresensia akiwa mnene kuliko alipochukuliwa. Valeriani alipewa viazi vya njiani, akaondoka mchana, peke yake, mikono mitupu, akiwa mwepesi wa ajabu.

Alikuwa ameshapita kona ya tatu, mahali ambapo hapana shamba wala nyumba, aliposikia pumzi nyuma yake. Aligeuka. Tulia alikuwa amesimama, kamba imekatika, akimtazama kama anayeuliza leo majani yako upande gani.

Valeriani alitazama mbele. Njia ilikuwa tupu. Alitazama nyuma. Tupu. Karatu ilikuwa saa chache tu za kutembea, na hapakuwa na macho hata mawili ila ya ng'ombe, ambaye alikuja kwa hiari yake.

Akawaza juu ya bei. Kisha akamwona, wazi kabisa pale pale kwenye njia tupu, Meitamei akija na mkuki kuulizia jina la mama wa ng'ombe wake. Nyuma yake ndugu wawili, sasa marafiki wakubwa. Nyuma yao Hhando na shemeji. Na mbele ya wote watoto watatu wenye kikombe cha bati, wasiosema kitu.

Nabii mstaafu alinyanyua kanzu hadi magotini, akakamata kipande cha kamba, akaanza kukimbia kurudi Endamarariek, akipaza sauti kwa mashamba yaliyokuwa bado mbali kuisikia:

"Jamani, mnione, namrudisha. Mnione."