Maziwa ya Mkaza Mwanangu Hayakupita Kwangu

Ndugu Mganga Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kuisoma hadi mwisho. Sisi hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo.

KUHUSU: MKAZA MWANANGU KURUHUSIWA KUNYONYESHA MARA TU BAADA YA SINDANO

Mimi ni mkuu wa kituo cha kupokelea maziwa ya ng'ombe. Wafugaji huniita Mzee Mwaga, nami jina hilo silikatai, maana nimelitolea jasho. Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake hayaingii kwenye tangi langu mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Nimemwaga ya jirani, ya shemeji yangu, na ya mwenyekiti aliyeniajiri. Sheria ni msumeno.

Sasa mkaza mwanangu ana mtoto mchanga, mjukuu wangu wa kwanza. Tangu akiwa na mimba alisumbuliwa na kichwa, na jicho moja likaanza kuona ukungu. Juzi mlimwingiza kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, mkamchoma dawa ya kung'arisha picha, kisha mtaalamu wenu wa picha akamwambia aende nyumbani akanyonyeshe kama kawaida. Hiyo "kama kawaida" ndiyo iliyonishikisha kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnajipinga wenyewe. Alipokuwa mjamzito mlimpiga picha bila dawa hiyo. Mlisema mashine yenyewe haina neno, ila dawa huvuka ikamfikia mtoto tumboni, kwa hiyo haitolewi isipokuwa pale ambapo hapana budi. Niliwasifu mbele za watu, nikasema hawa ndio wenzangu. Leo mtoto ametoka, na dawa ileile imegeuka kuwa haina neno. Mnafunga mlango wa mbele, mnafungua wa uani, halafu mnataka mtu mzima kama mimi anyamaze.

2. Nilimtuma mwanangu arudi kuuliza. Mtaalamu akamweleza kwa upole kwamba kinachoingia kwenye maziwa ya mama ni kidogo mno, na hata hicho kidogo, tumbo la mtoto huchukua chembe tu, kilichobaki huishia kwenye nepi. Ndugu Mganga Mkuu, sijawahi kukutana na mfugaji ambaye hakuniambia kuwa ni kidogo tu. Ndilo neno la kwanza la kila anayetaka kunipenyezea maziwa. Tena mtaalamu akaongeza kuwa mama akiwa na wasiwasi anaweza kukamua na kumwaga kwa siku moja, kwa hiari yake. Hiari! Nikiruhusu hiari kituoni kwangu, kesho tutakusanya maji.

Niliomba pia niletewe chupa ya dawa nisome mwenyewe. Nikaambiwa imebaki hospitali. Hilo silihesabu kama lalamiko, lakini limeniuma.

3. Kwa kuwa nyinyi hamkuweka muda wa kusubiri, niliuweka mimi. Nikanunua maziwa ya kopo na chupa, nikatangaza uamuzi mezani watu wakinywa chai. Mkaza mwanangu, ambaye tangu aolewe hajawahi kunipinga hata kwa kukohoa, aliweka kikombe chini akasema, "Shikamoo baba. Mimi si ng'ombe wa kituo." Kisha akambeba mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwanangu akatazama dari. Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nimeivujia jasho nyumba hii, na leo sina sauti ndani yake, nina kopo lisilo na mnywaji. Chanzo ni nyinyi.

4. Habari zimefika kazini. Leo asubuhi mfugaji mmoja, yule ambaye ndoo zake nimezimwaga kuliko za mtu yeyote, alileta maziwa ya ng'ombe aliyechomwa jana, akasema kwa adabu kwamba hospitali imeruhusu. Nikamweleza kuwa kila dawa ina mwenendo wake mwilini, ya ng'ombe wake ni nyingine na ya picha ni nyingine, na kwamba kwa hii ya picha wataalamu wamepima wakajua kinachopita. Nilieleza vizuri sana, hata foleni ikatulia. Ndipo akaniuliza, kama nayajua yote hayo, kopo la nyumbani la nini. Nikamwaga ndoo yake kwa hasira zaidi ya ilivyostahili.

5. Kwa hiyo naomba mtaalamu wenu aje kituoni aniondolee aibu. Akishindwa, mkaza mwanangu apewe cheti chenye muhuri, akionyeshe kila mtoto anaponyonya. Na hilo likishindikana, tubadilishane kazi. Yeye akae kituoni apitishe apendavyo, mimi nikae chumba cha picha, na hakuna mama atakayetoka mlangoni mpaka nisome chupa.

Wasalimie wauguzi, wafamasia, wafagizi, na bawabu aliyenizuia getini nilipokuja na ndoo yangu. Mwambie ndoo ilikuwa tupu.

Wako katika usafi wa maziwa,
Babu wa mtoto

N.B. Barua ilikwisha kuingia kwenye bahasha mlipopiga simu. Mwanangu aliweka sauti ya juu tukasikiliza sote. Mmesema kwamba dawa ile imewaonyesha vizuri kile ambacho picha ya kwanza haikukionyesha: uvimbe mdogo nyuma ya jicho, si wa aina mbaya, unatibika kwa vidonge. Nimemshukuru Mungu. Lakini swali la kwanza la binti yule halikuwa la jicho lake. Aliuliza kama vidonge hivyo vitamruhusu kuendelea kunyonyesha. Mkasema mtamuuliza mfamasia, mtapiga tena.

Tangu hapo mama wa mtoto analia chumbani, na simu ya mwanangu nimeishika mimi, sitaki mwingine aipokee. Kopo nimempa jirani. Ndugu Mganga Mkuu, naogopa jibu lenu. Kama kitakachoingia kwenye maziwa ni kidogo tu, nakusihi, hicho kidogo kipite.