Ombi la Mafua Madogo kwa Ajili ya Mume Wangu Krijn

Zeeland, Novemba 1989

Mheshimiwa Profesa Terborgh,

Nakusalimu katika Bwana wetu. U hali gani huko hospitalini? Na lile goti lililokusumbua siku ile kwenye ngazi, limepoa? Sisi hatujambo. Viazi vimeshaingia ghalani, na mume wangu Krijn, mgonjwa wako, ni buheri wa afya. Hiyo afya yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Usinione mtovu wa shukrani. Miaka ile ya mashine ya kusafishia damu naikumbuka. Alikuwa akirudi nyumbani rangi ya majivu, nami namkatia mkate huku kichwani nachagua zaburi za mazishi. Kisha Mungu akaleta figo, wewe ukalishona, na sasa anapanda ngazi akipiga mluzi. Nakuombea kila jioni. Lakini ulipomwingiza katika utafiti wenu wa maambukizi kwa watu waliopandikizwa figo, hukuniambia kwamba zile kanuni za kujikinga zitanifanya niwe na mume wa kutazama tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku za kuzaliwa. Desturi yetu unaijua: viti huzungushwa sebuleni, na kila anayeingia humpa mkono kila aliyeketi, humpongeza hata shangazi kwa kuwa mpwa wake ameongeza mwaka, kisha mabusu matatu. Krijn sasa husimama mlangoni, hupunga mkono kama malkia garini, husema, "Hongereni nyote, Profesa amenikataza," halafu huondoka na kipande kikubwa cha keki. Tangu tuoane alikuwa akitafuta njia ya kukwepa siku ya kuzaliwa ya mama yangu. Mmempa njia yenye mhuri wa chuo kikuu.

2. Kikombe cha Bwana. Kwetu ni kimoja, kinapita mezani toka mdomo hadi mdomo, na Krijn hanywi. Sawa. Lakini mdogo wangu Leendert anatangaza kwamba kisa si vijidudu, kisa ni figo. Dereva aliyelileta alikuwa na lafudhi ya Ubelgiji, basi Leendert ameshaamua kwamba limetoka kwa Mkatoliki. "Shemeji," humwambia, "ole wako kengele za Antwerp zikilia, hilo figo litapiga magoti lenyewe!" Krijn humjibu, "Afadhali figo la Kikatoliki linalofanya kazi kuliko shemeji Mprotestanti asiyefanya." Mimi hucheka, kisha huenda kuwaombea wale waliompoteza mtu wao ili mimi nibaki na wangu. Hili si lalamiko, limeniponyoka tu.

3. Vidonge. Mmesema nusu ya wagonjwa wanapewa dawa mpya ya kuzuia virusi, nusu wanapewa unga mtupu, na hata ninyi hamjui nani kapata nini. Sasa mimi nisali vipi? Nikishukuru kwa dawa, kumbe ni unga, si nimesema uongo mbele za Mungu? Nilimuuliza mzee wetu wa kanisa, Bwana Dingeman. Akavuta sigara yake weee, akasema, "Neeltje, mbona ni mafundisho yetu yaleyale? Wateule walishateuliwa tangu mwanzo, na hakuna ajuaye ni nani. Huyo profesa ni mcha Mungu sana." Tangu siku hiyo naye anataka kujiandikisha, na mafigo yake yote mawili ni mazima.

4. Njiwa. Kutopeana mikono, kutobusu watu, kutogusa udongo, hata kutomenya viazi, kanuni hizo Krijn anazishika kama Amri Kumi. Ya njiwa wake wa mashindano peke yake ndiyo anadai haina ushahidi wa kutosha. Juzi nimemkuta bandani akimbusu njiwa kichwani. Njiwa, Profesa! Nilipomkaripia akanionyesha glovu. Mdomoni hakuwa na glovu.

5. Hapa kicheko kinanipungua. Binti yetu Adriana amejifungua mtoto wa kike, akampa jina la babu yake, kwa umbo la kike: Krijntje. Majirani wote wamekuja kula mikate mikavu yenye sukari ya anisi, chakula chetu cha kupongeza uzazi. Babu mwenyewe amemwona mjukuu wake kupitia dirishani tu. Mtoto akiingizwa ndani, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. "Ana mafua," husema. Namwambia hana mafua! "Basi atayapata." Adriana aliniuliza jikoni, "Mama, kwani baba hampendi?" Nikaiosha upya sufuria iliyokwisha oshwa. Ubatizo ni Jumapili. Katika ukoo wetu, aliyerithiwa jina ndiye humbeba mtoto mpaka mlangoni pa kanisa. Krijn anasema atasimama ng'ambo ya barabara, upande unakotoka upepo.

Najua kinachomtisha. Si mafua, ni ile mashine. Mtu aliyepewa maisha mara ya pili huyabeba kama trei ya mayai. Lakini mayai hayo tutayala lini?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mumpe mume wangu mafua. Madogo, safi, ya hospitali, chini ya uangalizi wa Muuguzi Liesbeth. Akiugua akapona, atajua kwamba mtu anaweza kupiga chafya na kesho yake akaamka. Wakubwa wenu wakisita, basi tumieni njia yenu wenyewe: nitumieni chupa mbili kwa posta, moja ya mafua, moja ya maji, bila kuniambia ipi ni ipi. Nitamtilia mojawapo kwenye supu ya njegere. Atakayejua ni Mungu peke yake, na Bwana Dingeman ameridhia. Mkipata matokeo mazuri, wapeni mababu wote wa utafiti, mwandike makala. Jina langu si lazima liwemo, ingawa ni fupi, halitachukua nafasi.

Nisalimie Muuguzi Liesbeth, yule daktari kijana mwenye masikio mekundu, na mzee wa kitanda cha dirishani. Leendert anakusalimu, na figo pia.

Mimi dada yako katika imani,
Neeltje Kodde, mke wa Krijn

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu, Adriana akaingia na mtoto, pua inamchuruzika, maana mafua amekwisha yapata kweli. Krijn akatokea bandani, manyoya ya njiwa begani, mikono mitupu. Nikajua atakimbia. Akasimama. Akasema, "Haya njoo kwa babu, somo yangu, tusije tukajuana kwa dirisha mpaka uolewe." Akambeba. Mtoto akampigia chafya usoni, barabara! Krijn akacheka mpaka akatoa machozi, au machozi yalitangulia, sikuona vizuri. Na mimi, Profesa? Nilipiga ukelele, "Krijn! Kanuni!" Nikamnyang'anya mtoto, nikamtoa nje binti yangu na kigari cha mtoto, nikamsugua mume wangu kwa sabuni ya hospitali mpaka akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Sasa yuko kitandani, kipimajoto mdomoni, anapiga mluzi pembeni mwake. Kwa hiyo mafua msilete. Leteni nakala mpya ya kanuni, kwa herufi kubwa, yenye saini yako, iwakataze watoto wote mpaka waote meno, na njiwa hata wakiota. Na uniambie, chafya ya mtoto mdogo kiasi hicho ina nguvu gani? Maana anasema Jumapili atambeba mpaka mlangoni, nipende nisipende. Tafadhali nijibu upesi.