Mstari Mwekundu Unaonivunjia Heshima Ng'ambo

Ng'ambo, Tabora
12 Machi 2025

Ndugu Watengenezaji wa Kiongezi cha Lugha ya Kito,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA MSTARI MWEKUNDU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mwalimu Revocatus Mihayo. Nafundisha watu wazima kuandika programu za kompyuta katika chumba kimoja hapa Ng'ambo, kati ya fundi cherehani na muuza asali. Kwa miaka miwili nilikuwa mtu pekee mtaani aliyejua Kito, lugha ile mpya ambamo kila kitu lazima kitajwe aina yake: hii ni namba, hili ni jina, hili ni joto. Kihariri tunachoandikia kilikuwa hakiijui. Kilionyesha maandishi meusi matupu, na aliyekosea hakujua amekosea mpaka aje kwangu. Navaa miwani, naguna mara mbili, nasema, "Hapa." Watu walikuwa wakinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara.

Miezi miwili iliyopita mkatoa kiongezi chenu, na kihariri kikaanza kuielewa Kito na kupigia makosa mstari mwekundu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinakatiza wakubwa. Nikiandika herufi tatu, chenyewe kinamalizia neno. Huku kwetu mtu mzima akianza kusema huachwa amalize, hata kama kila mtu anajua anakoelekea.

2. Kubadilisha jina la kitu kimoja katika mafaili yote ilikuwa kazi yangu ya siku tatu, pamoja na chai. Sasa inakwisha kabla sukari haijayeyuka. Nauliza kwa heshima: siku zangu tatu mmezipeleka wapi?

3. Hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu. Mama Recheli wa Itetemia, mjane anayefuga kuku, alipata mashine ya kutotolesha vifaranga, na mwanafunzi wangu Tunu akamwandikia programu ya kuiendesha. Siku ya kuiwasha, mayai mia tatu yakiwa yamekwisha pangwa ndani, niliikagua programu mbele ya watu tisa nikatamka, "Safi." Sikujua kwamba asubuhi ile Tunu alikuwa ameweka kiongezi chenu. Mstari mwekundu ukajitokeza chini ya sehemu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahihishia jana yake.

Tunu akasema taratibu, "Samahani Mwalimu, kuna mstari."

Nikamwambia ni uchafu wa kioo. Nikatoa leso, nikafuta. Akasogeza ukurasa juu, na uchafu nao ukapanda. Kisha likafunguka sanduku dogo la maneno: hapa panatakiwa joto, wewe umeweka unyevu.

Ndugu zangu, unyevu ulikuwa sitini, na mashine ingeusoma kama joto. Yai linataka joto la thelathini na saba na nusu. Mama Recheli, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliling'amua hilo kabla yangu.

"Mwalimu," akaniuliza, "ulitaka kunitotoleshea vifaranga au kunichemshia mayai?"

Walicheka mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kuna nini, naye akasimuliwa, tangu mwanzo. Tunu hakucheka. Alibadilisha neno moja, mstari ukapotea, akawasha mashine. Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga mia mbili sitini na wawili. Nilikwenda kuwaona. Mama Recheli aliniwekea mmoja kiganjani, bado ana unyevunyevu, moyo unamwenda mbio. Ni wazuri, sikatai. Lakini heshima yangu haitotoleshwi kwa mashine.

4. Tangu hapo wanafunzi wakikwama hawaniiti. Juzi nilimwona Adinani, anayefanya kazi kwenye treni ya Mpanda, amekunja uso mbele ya kompyuta. Nikainuka upesi. Akasema, "Usijisumbue Mwalimu, kimeshanionyesha." Usijisumbue! Hayo huambiwa mgonjwa.

Kwa hiyo naomba kiongezi kiondolewe mkoa mzima. Ikishindikana, mstari uonekane kwenye kompyuta yangu tu, na wengine waonyeshwe njia ya kufika kwangu. Hata hilo likishindikana, basi uwe wa kijivu, na uanze kwa adabu: "Shikamoo Mwalimu. Ukipata nafasi, naomba utupie jicho hapa." Nami nitaitikia marahaba nikipata wasaa.

Nisalimieni wote mnaofanya nao kazi, na wazazi wenu, na hata yule aliyechagua rangi nyekundu, ingawa yeye mpeni salamu fupi.

Wenu katika ujenzi wa programu,
Mwl. Revocatus Mihayo

N.B. Barua hii msiifanyie kazi kwanza. Mama Recheli ameleta mashine ya pili, na Tunu yuko Kaliua harusini. Nilidhani atamsubiri. Akasema, "Mwalimu aandike tu, mradi yule anayemkosoa awepo." Nimeandika programu yake tangu asubuhi. Mistari myekundu imefika kumi na mmoja na mayai yanaingia kesho. Tafadhali nielekezeni haraka namna ya kuinenepesha, maana miwili kati yake siioni vizuri.