Mfalme wa Barafu Ajisafisha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mimi ndiye fundi friji hodari kuliko wote waliowahi kushika bisibisi, na hata miaka ishirini sijafika. Friji ikisikia hatua zangu mlangoni inaanza kupoa yenyewe. Mjomba anasema katika miaka thelathini hajawahi kuiona friji ya namna hiyo. Mjomba ana wivu.

Leo imefika barua ya chuo cha ufundi. Nimeitwa kwenye usaili Jumatatu ijayo, kozi ya majokofu na viyoyozi. Mama ameisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti kubwa dirishani, ili majirani wafaidike. Mjomba alifuta grisi mikononi, akaomba aishike kidogo.

Najua kwa nini. Hospitali haimpi kazi, wala ile hoteli kubwa, kwa sababu karakana yake haina mtu mwenye cheti. Anafufua friji zilizokwisha kuagwa na wenyewe, lakini cheti hana, na kwa macho yake ya sasa hataenda kukitafuta. Kwa hiyo cheti ni mimi. Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mjomba, wateja huwa hawajui bosi ni nani. Baada ya chuo watajua.

Binti wa Mjomba naye ameitwa siku hiyohiyo, kozi ya umeme. Namwita Profesa. Si sifa.

Halafu nikageuza karatasi. Nyuma kuna fomu. Taja akaunti zako zote za mitandao ya kijamii. Chuo kinaweza kuzipitia kabla ya kuamua. Weka saini.

Nimekwisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nieleze, kama kuna asiyejua. Mtandaoni mimi ni Mfalme wa Barafu. Wafuasi elfu sita. Video mia mbili na kumi na tatu za miaka miwili, zote za karakanani. Kuna moja nacheza juu ya friza ya bucha bila shati, huku Mjomba chini yangu anaeleza habari za povu la sabuni. Kuna moja namcheka mteja aliyesahau kiatu ndani ya friji, tena cha kushoto tu. Zilizobaki ni Mjomba kainama nyuma ya mashine, anaeleza gesi inapita wapi na inavujia wapi, na mimi nyuma ya simu namkatiza kwa maswali, namwita Mzee Sikio kwa sababu husikiliza kompresa kama daktari asikilizavyo kifua. Naye ananitukana polepole, huku anaendelea kukaza nati.

Mtu wa hivyo atapokewa chuo gani?

Asubuhi kwenye chai kulikuwa na bunge. Mama alisema chuo kina haki. Hata anayekuja kuposa huulizwa tabia kwa majirani zake, sembuse anayetaka kukaa miaka miwili na mitambo ya watu. Profesa alikataa kabisa. Alisema wakitaka kujua kama anaweza umeme wampe waya na koleo, kabati lake la nyumbani haliwahusu. Nikafurahi, nikadhani tuko upande mmoja. Kumbe yeye fomu alishaijaza! Ameandika akaunti yake ileile ambayo kila Jumamosi huwatukania waamuzi wa mpira, na pembeni ameandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba haoni sababu ya kuulizwa lakini hana cha kuficha.

Nikamwambia buriani. Akaniambia niandike yangu na mimi, kwa sababu uongo unataka kukaririwa, na mimi hata namba ya simu ya mama yangu sijaikariri.

Nimepuuza. Nimemfuta Mfalme. Programu iliuliza kama nina hakika. Ndiyo. Ikauliza tena, ikaniambia kila kitu kitapotea na hakitarudi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nakala sina, simu yangu ina nafasi kama ya pochi, kila nikipandisha video naifuta ya kwenye simu. Safi. Hakuna ushahidi.

Nimejisikia mwepesi mpaka nikala mkate wa Profesa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Amezaliwa Kijana Mwadilifu. Picha ya wasifu: mimi, shati jeupe la Mjomba, kola hadi kidevuni.

Tendo jema la kwanza, kusoma. Nyumbani hakuna kitabu kinene, kwa hiyo nimeazima kwa mama mkunga wa chumba cha pili. Nikakifungua katikati, nikakunja uso. Nikaandika chini: Kila siku kurasa hamsini.

Tendo jema la pili, kusaidia wazee. Nilimwomba bibi wa ghorofa ya tatu aje nipigwe picha nikimbebea ndoo. Akaniambia nisubiri. Nikasubiri nusu saa nzima, akatoka na gauni la harusini na hereni. Nikasema bibi, hayo si mavazi ya kuchota maji. Akasema mjukuu wangu, kama picha inakwenda chuoni, waone kwamba unasaidia watu wa maana. Ndoo ya kwanza nikaibeba tupu. Bibi akagoma. Alisema hawezi kushiriki uongo katika umri wake, picha ni mpaka ndoo ijae. Tena kwa kuwa mpigapicha, yaani Profesa, aliangua kicheko na simu ikatikisika, tukarudia. Ndoo nne, ngazi tatu. Mgongo wangu umekuwa wa Mjomba.

Tendo la tatu, kufagia barabara. Mwenye duka la jirani alikuja kunishukuru, akanionyesha na uani kwake. Nimefagia uani kwake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nina matendo mema kumi na saba na wafuasi watatu. Mmoja ni mjukuu wa bibi. Mmoja anauza magodoro. Wa tatu ni Profesa, ambaye nilimsihi aache neno zuri chini ya picha, ili ionekane ninajulikana. Akaandika: Huyu ni nani?

Sikulala na kinyongo. Yaani nililala nacho, lakini kidogo.

Mjomba amenishangaa siku nzima. Leo alikuwa anafungua friji ya muuza maziwa, kazi ngumu, amelala chali chini na tochi mdomoni. Akasubiri. Mwisho akatoa tochi akauliza leo simu iko wapi, mbona simwulizi upumbavu wowote. Nikasema najiandaa na usaili. Akasema basi njoo ushike huku, maana usaili utauliza habari za huku. Nikasema nikimaliza. Nilikuwa natafuta picha ya machweo ya kuandikia dua.

Fomu nimeijaza. Akaunti: Kijana Mwadilifu. Akaunti nyingine? Hapana. Saini yangu ina mkia mrefu, nimeufanyia mazoezi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Sitaki kuingia ndani, Mama anapiga pasi na mlango uko wazi.

Usaili. Chumba kirefu, meza, watu watatu. Msajili, mwanamke mwenye kalamu nyekundu. Mzee mmoja wa utawala aliyekuwa anamenya chungwa. Na mwalimu wa karakana, mikono kama ya Mjomba, kucha zina weusi usiotoka.

Msajili akafungua kompyuta. Akauliza matendo mema kumi na saba katika siku tatu, kabla ya hapo nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nayatenda kimyakimya. Akaikuza picha ya kitabu. Akauliza nimejifunza nini katika hizo kurasa hamsini za kila siku. Nikasema mengi sana, hasa mitambo. Akaigeuza kompyuta nione. Kitabu cha malezi ya mimba. Sura ya tisa, kukaa kwa mtoto tumboni.

Mzee wa chungwa akakohoa.

Hapo mwalimu wa karakana akachoka. Akamwambia msajili, mbele yangu, kwamba haya ndiyo matunda ya fomu yake. Tunawauliza watoto akaunti, wanatuletea mahubiri. Msajili akasema chuo kina wajibu, mwaka jana walimpokea kijana aliyekuwa anajisifu hadharani kwa kuiba nyaya, na nyaya za chuo zikaondoka naye. Afadhali kuuliza kuliko kujuta. Mwalimu akasema mwizi hakuandika wizi kwenye fomu, na hatauandika. Msajili akasema aliyejiweka mwenyewe hadharani hawezi kulalamika akitazamwa. Walikuwa wanaendelea juu ya kichwa changu, kama mimi ni kiti.

Kisha mwalimu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo.

"Akaunti bora niliyoiona mwaka huu ni ya kijana mmoja mpayukaji. Ana mzee wake fundi, wanagombana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila ugomvi ni somo. Mimi nafundishia hizo video darasani. Huyo angekuja hapa ningempokea hata akiwa hana viatu. Jumanne iliyopita nikafungua, zote hazipo."

Masikio yangu yalipata moto. Nikasimama. Nikasema ni mimi! Mfalme wa Barafu ni mimi!

Msajili akaniambia nifungue hiyo akaunti. Nikasema nimeifuta. Akasema ahaa. Akasema hata yeye anaweza kuwa Mfalme wa Barafu kama kigezo ni kutokuwa na akaunti.

Nikamgeukia mwalimu. Nikachukua sauti ya Mjomba, nikasema bomba likitoa jasho usikimbilie gesi, mjinga wewe, tafuta uchafu kwanza. Halafu nikajijibu kwa sauti yangu, nikauliza sasa Mzee Sikio, jasho na uchafu wapi na wapi.

Mwalimu akapiga meza, anacheka. Akasema ni yeye, sauti ndiyo hiyohiyo, ataitambua hata usingizini. Nikaketi. Nikakunja nne. Nilikuwa nimeshaingia chuo, nilikuwa nachagua kitanda.

Msajili hakucheka. Aliivuta fomu yangu, akaweka kalamu nyekundu chini ya mstari mmoja.

"Kwa hiyo umethibitisha. Hapa umeandika huna akaunti nyingine."

Mwalimu akaacha kucheka, akanitazama. Sijawahi kumwona mtu anahuzunika haraka hivyo. Akaniuliza kwa nini, kijana. Nikasema niliogopa. Akasema kuogopa nini, nikashindwa kusema ni friza ya bucha na shati.

Profesa aliingia baada yangu. Nilisikia wanacheka humo ndani, wote watatu. Inaelekea na msajili ni mpenzi wa mpira.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Barua mbili. Ya Profesa ni nene. Yangu ni karatasi moja. Inasema chuo hakikuzingatia maudhui ya akaunti yoyote katika uamuzi huu, kilichozingatiwa ni taarifa isiyo ya kweli kwenye fomu yenye saini. Naruhusiwa kuomba tena mwakani. Kwa hiyo ningeweza kuandika kwamba nilicheza bila shati juu ya friza mia moja, na leo ningekuwa mwanafunzi. Hasira iliyonipanda haielezeki. Si wangesema?

Mama ameisoma mara moja tu. Dirisha alilifunga kwanza.

Mjomba alilichukulia tukio hili vibaya kuliko nilivyotarajia, yaani hakunikaripia. Alisema hospitali itasubiri, imeshasubiri sana.

Lakini sijalala. Nimeshajua kosa la mpango lilikuwa wapi. Kijana Mwadilifu alikuwa mchanga mno, alikuwa na siku tatu. Mwakani nitaomba kwa jina la pacha wangu. Pacha sina, lakini leo asubuhi nimemfungulia akaunti, ili mpaka mwakani awe amekomaa. Ni mpole, anapenda mitambo, hasemi hovyo. Profesa ameona, ameniuliza kama pacha naye atakuja usaili na sura yangu. Kijicho tu.

Tatizo ni lile lililotokea jioni hii karakanani. Profesa alitaka baba yake amweleze namna ya kutafuta mahali gesi inapovujia kwa povu la sabuni, ili amsaidie mpaka chuo kifunguliwe. Mjomba akaanza, akakwama. Akaanza tena kutokea katikati. Mara ya tatu akaweka spana chini, akafuta mikono, akanijia pale nilipokuwa nimeketi na simu.

Akasema, "Mjomba, hebu tuwekee ile ya friza ya bucha. Mimi bila wewe kunikatiza maneno hayakai sawa. Pale nilieleza vizuri."

Wakavuta viti, yeye na binti yake. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati.

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Akasema haya, utakapotulia. Bado ameketi pale, miwani usoni. Mtandao hausumbui. Mambo yote yale, kwa miaka miwili alikuwa akiyasema kwangu tu, hayapo popote pengine, na mimi niliulizwa kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.