Kilemba cha Babaangu Mbele ya Rada

Niseme mwenyewe kabla khalati yangu Zuwena, mdogo wa mamaangu, hajawafikia na yake: Ijumaa iliyopita nilivaa kilemba cha babaangu, nikavaa na miwani yake ya jua ili nionekane mtu mzima, nikachukua gari ya mamaangu nikaenda kunywa chai. Leseni sina. Nna karatasi ya kujifunzia tu, na mwalimu wangu wa udereva hakuwemo garini.

Duka la chai liko dakika tano kwa miguu kutoka kwetu Al Khoudh. Lakini nani Maskati anakwenda kunywa karaki, chai yetu ya maziwa, kwa miguu? Unafika na gari, unapiga honi, unaletewa dirishani. Nilitaka mara moja katika umri wangu honi nipige mimi. (Nimeipiga. Aliyeniletea chai akaniita "arbabu", kama bwana mkubwa. Hapo ndipo nilipoharibika.)

Kichwa kikavimba. Badala ya kurudi nyumbani nikaingia barabara kuu. Lori la saruji likaniganda nyuma, nikaogopa, nikakanyaga mafuta. Wenzangu hukimbia kwa ujeuri, mimi nimekimbia kwa woga. Rada, ile kamera ya mwendo, haijali.

Juzi simu ya mama ikalia. Siku hizi barua ya faini ya rada haingoji sanduku la posta, inakufuata mkononi: namba ya gari, barabara, Ijumaa, saa nne u nusu asubuhi.

"Saa nne u nusu mie nilikuwa Sidab kwenye hitma," mama akasema. "Nilikwenda na gari ya Zuwena. Yangu ilikuwa wapi?"

"Nje, imelala."

"Na babaako yuko jangwani."

Babaangu anafanya kazi kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Huko anavaa kofia ngumu, vilemba vyake vinabaki kabatini.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikasema, "Mashine hizo huchanganya namba, mama. Usikubali kudhulumiwa. Nenda kalalamike." Maana darasa letu zima la kumi na mbili linaamini kwamba rada inapiga picha ya nyuma tu. Nilidhani mama atalalamika kidogo, atachoka. Nilimsahau mamaangu. Huyu ni mtu aliyerudisha boksi zima la tende dukani kwa sababu mbili zilikuwa na mchanga.

Leo asubuhi, skuli tumefunga, akaniambia nivae nimfuate ofisi ya trafiki. "Wewe ndiye shahidi kwamba gari ilikuwa imelala." Khalati Zuwena naye akaja, kwa sababu penye ugomvi hakosi.

Askari alikuwa kijana mpole. Mama akamweleza kwa Kiarabu habari za dhuluma, kuanzia mwanzo wa dunia. Askari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaugeuza uso wa kompyuta.

Rada ile inapiga mbele.

Kilemba cha zambarau chenye maua ya dhahabu, alichokichagua mama mwenyewe kwa ajili ya Idi. Miwani myeusi. Na chini ya miwani, pua. Pua ile ni ya babaangu, mimi nimeazimwa tu.

Khalati akasogea karibu, akaingia kwenye Kiswahili. Kiswahili kwetu ni chumba cha ndani: ukitaka kusema siri mbele ya mtu unaingia humo, unafunga mlango.

"Dada," akasema polepole, "huyu si shemeji?"

Mama akaitoa simu mkobani. Akapiga simu papo hapo, akaweka sauti ya nje.

"Uko wapi?"

"Kazini," baba akasema. "Niwe wapi?"

"Na Ijumaa saa nne u nusu?"

"Kazini. Kuna nini, Mama Nasri?"

"Umeingia Maskati kwa siri, umechukua gari yangu, umevaa kilemba nilichokununulia mimi. Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Kwa nani nini?"

"Muulize kama ana watoto naye," Khalati akasema.

Baba akampa simu mwenzake wa kazini, naye mwenzake akaapa kwa Kiarabu kwamba Baba Nasri hajatoka kambini tangu afike. "Wanalindana," Khalati akasema.

Sasa sikilizeni hali yangu. Jumatatu nna mtihani wa barabara. Ule wa kurudi nyuma baina ya mapipa nimeshaufaulu, mara ya nne. Nikinyamaza napata leseni, nyumba inavunjika. Nikisema, leseni inakwenda na maji. (Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Msiniulize.)

Mama akaanza kuivua pete ya ndoa. Ikakwama kwenye fundo la kidole. Akaizungusha, akaivuta.

"Ni mimi," nikasema. Kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, askari asielewe.

Mama hata hakunitazama. "Usimtetee babaako."

"Wallahi ni mimi, mama. Nilikwenda kunywa chai, lori likanitisha."

"Chai kwa kilemba?" Khalati akatikisa kichwa. "Mtoto kashafunzwa huyu. Masikini."

Miaka yote nasema uongo, naaminiwa. Leo nimesema kweli, nimeonewa huruma.

Ndipo askari akaegemea kiti chake, akasema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu: "Mvisheni kilemba, mama zangu, tuone."

Kilemba tulikiacha nyumbani. Khalati akatoa mtandio wake wa akiba mkobani, wa waridi, unanuka udi, akanizungushia kichwani. Mama akanivika miwani yake, ile yenye vijiwe pembeni.

"Kaza uso," askari akasema. "Lori liko nyuma yako."

Nikakaza. Foleni yote ikaacha shughuli zake, ikaja kutazama. Mzee mmoja wa Kiarabu akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akairudia picha.

"Ndiye," akasema. "Ila pale alikuwa na heshima kidogo."

Askari akaniomba karatasi yangu ya kujifunzia. Akaitazama, akaitia kwenye mtoto wa meza, akaufunga. Jumatatu yangu ikafungiwa humo humo.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka tukuite. Nenda kanywe chai."

Tukatoka. Simu ya mama ikaita, baba, mara tatu, mama anaitazama tu.  Mimi nilikaa nyuma, mtandio bado kichwani, nangojea kofi. Mama akawasha gari, akaitengeneza pete ikakaa sawa kidoleni, akanitazama kwenye kioo.

"Mpigie babaako," akasema. "Mwambie nshamsamehe."