Mashine ya Mutani wa Moba

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Nina miaka sabini na sita. Nilizaliwa muji huu ukiitwa Albertville. Jina lile limekufa, mimi niko. Zaire imekufa na noti zake, mimi niko. Nimepita kolera mbili, tetemeko la nchi, na wakubwa saba wa stesheni ya treni, kazini kwangu. Muntu wa kunidanganya hajazaliwa bado.

Leo nimekamata kazi kubwa. Evodie, mutoto wa mutoto wangu, anamaliza masomo. Kitabu chake cha mwisho kinatakiwa kufika kwa biro, ofisi ya chuo, Jumatatu ijayo, kimepigwa kwa mashine. Bila hivyo anarudia mwaka mzima, na minerval, pesa ya masomo, ingine juu. Sasa kiko kwa mukono, ndani ya kaye tatu, daftari za shule. Ameuza ndagala sokoni mwaka mzima apate pesa ya ordinatere, kompyuta ya kukunja, ile iliyokwisha kutumiwa. Nikamwambia alete pesa kwangu. Mukubwa wa nyumba njo ananunua. Akasita. Nikakohoa. Akaleta.

Jioni Papa Alphonse, jirani, alitoa kwa baraza mashine ya mutoto wake. Ya dukani, na fakture, karatasi ya kuonyesha imenunuliwa. Akaniuliza kama mimi bado naandika na kaa la moto. Tutaona.

Jumanne, tarehe 10

Evodie amenipa sheria, nimeziandika. Usitume pesa mbele ya kuona mashine. Mukutane muchana, mahali penye watu. Uiwashe bila waya, uiache saa nzima, uone batri. Uulize fakture, isiwe ya wizi. Bei ikiwa chini sana, kimbia.

Sheria za watoto. Mimi niko na moja, inapita zote: uliza ukoo.

Kwa simu, pale wauzaji wanaweka picha, nimeona mashine nyeusi, safi, nusu ya bei ya Alphonse. Mwenyewe anaitwa Florent, anakaa Moba. Nikamutumia sauti. Habari ya batri sikuuliza. Niliuliza: kijana, wewe muntu wa nani? Akajibu: Papa, mimi ni wa Mbuzi.

Niliruka kitandani. Mimi ni wa Chui! Tangu wazee wa wazee, Chui na Mbuzi ni watani. Tunatukanana kwenye matanga, tunanyang'anyana kuku, na hakuna anayekasirika. Mutani kama huyu ataniibia namna gani? Nikamwambia wewe ni nyama yangu ya jioni. Akauliza Chui muzee amebakia na meno mangapi. Kijana muzuri sana.

Nimetuma pesa yote.

Jumatano, tarehe 11

Evodie ameuliza kama nimeona mashine. Nikasema nimeona mutani, inatosha. Akakaa kwa kiti cha jikoni, akafunika uso na mikono miwili. Furaha. Muke wangu Mama Sifa anasema furaha ile ina machozi. Yeye tangu zamani anachanganya mambo.

Nimealika kartie, mutaa wetu wote, kuona mashine. Alphonse nimemwalika mara mbili.

Alhamisi, tarehe 12

Boti ya Moba imefika. Furushi limefungwa vizuri, kamba mbili, uzito wa heshima. Nikaweka mezani mbele ya watu kumi na wawili. Nikasema maneno machache, kama dakika ishirini. Nikafungua.

Ubao wa kukatia nyama. Mupya, nasema ukweli. Juu yake karatasi: Mbuzi amekula Chui.

 Halafu Alphonse akauliza huu unatumia batri gani.

Nikacheka. Utani njo hivyo, ukikasirika umeshindwa. Nikacheka mpaka nikashika meza. Nikamutumia Florent sauti ya kumusifu. Evodie hakucheka. Aliuliza pesa yake iko wapi. Nikasema iko kwa mutani, na ya mutani hairudishwi. Akachukua kaye zake, akaenda nyuma ya nyumba.

Kifua kiliniuma kidogo. Pengine ni maharagwe.

Ijumaa, tarehe 13

Asubuhi Evodie amekuja na simu yangu mukononi. Akaniuliza mbele ya Mama Sifa: babu, mimi ni wa ukoo gani? Swali la bure. Kwetu Mpala, kwa wazee wetu, mutoto anafuata ukoo wa mama. Mama yake Éliane, muke wa mutoto wangu, ni wa Mvua, basi na yeye ni wa Mvua. Akauliza: Mvua na Mbuzi wako na utani? Nikasema hata kidogo. Akasema basi mimi naweza kukasirika.

Na alikasirika. Sauti aliyomutumia Florent, sijasikia ya namna ile hata stesheni siku behewa lilipoanguka. Kwamba picha anayo, namba anayo, alama ya pesa iliyotumwa anayo. Kwamba Kyungu, ndugu ya mama yake, anafanya kazi bandarini Moba, na kesho asubuhi atakuwa mulangoni kwake. Florent akajibu na sauti ndogo: dada, nilikuwa nacheza tu na muzee, mashine ipo. Evodie akasema vizuri, ampe mujomba, na mujomba aiwashe kwanza.

Nilimwambia ameharibu utani wa miaka mia mbili. Mama Sifa akanipa ubao nikate vitunguu.

Jumapili, tarehe 15

Mashine imekuja na boti. Kona moja imevunjika. Evodie aliiwasha palepale bandarini, akasimama saa nzima na jua kichwani, anaangalia batri. Nzima. Tangu saa ile vidole vyake havijapumzika. Nimemusomea kaye ya pili kwa sauti. Anasema nasoma pole pole. Nasoma kwa heshima.

Jumatatu, tarehe 16

Kitabu kimeingia kwa biro, mbele ya saa sita. Evodie alirudi anaimba, akanishika shingo.

Wote wanamushukuru Kyungu. Nani alipata Florent? Nani alipata nusu ya bei? Mimi.

Na Florent si muntu wa kinyongo. Ameniletea habari tamu: iko injini ya mutumbwi, karibu mupya, nusu ya bei. Mutumbwi sina, nitatafuta baadaye. Ameapa kwa Mbuzi wote, wazima na wafu. Evodie alisema usitume pesa yote mara moja. Nimesikia. Nusu ya pesa yangu ya mabati ya nyumba nimetuma asubuhi, nusu ya pili saa sita.

Asiyesadiki haya aulize Mama Sifa, lakini asiguse habari ya injini, hajaijua. Aulize Florent mwenyewe. Namba ninayo. Tangu saa sita haiiti, lakini rezo ya simu kule Moba ni mbaya.