Goti la Kulia, Uji wa Devayani

Jumapili, 30 Julai
Mvua. Kesho natimiza siku kumi na nne kwa mganga Paramu, na goti limepona. Balaa! Nilikuja na fimbo; leo nimepanda ngazi za bwawa bila kushika kitu. Mimi Kuttappan, fundi miavuli, miaka arobaini na sita, nimelia bafuni kwa sababu siumwi.

Nikiondoka nani atanipakulia uji? Uji wa dawa wa mwezi wa Karkidakam hupakuliwa na Devayani, mpwa wa mganga, anayekoroga mafuta kule jikoni. Wanaume tunakandwa na wanaume. Yeye namwona uji ukija tu, asubuhi na jioni. Ananiita Kaka Fundi. Leo kaniuliza kama uji una chumvi ya kutosha. Nimeshindwa kujibu.

Ouseph, kondakta mstaafu wa kitanda cha pili, kapakuliwa upawa na nusu. Nilihesabu.

Jumatatu, 31 Julai
Nimepata njia! Mganga hachoki kutuambia: mwilini mna vata ya upepo, pitta ya moto, kapha ya maji na udongo. Zikilingana, mtu mzima. Moja ikizidi, mgonjwa. Na kila moja huzidishwa na kinachofanana nayo, kama ukavu unavyozidisha upepo. Basi nimetafuna dengu kavu za Ouseph, kiganja kizima, kisha nikakaa barazani kifua wazi, upepo wa mvua ukinichapa. Vata ipande, goti likakamae, nibaki.

Jioni Devayani kaja na bakuli. Bila kunitazama, akasema kaka yake anakuja kumchukua kwenda Palakkad tarehe kumi na saba, siku ya kwanza ya mwezi wa Chingam. Mwezi huu wa mikosi hakuna anayezungumza ndoa, akasema, lakini siku ile mwenye neno alilete, maana jioni yake wanaondoka.

Ninalo neno! Ninalo tangu uji wa kwanza.

Jumanne, 1 Agosti
Nimejikokota hadi kwa mganga. Kaniwekea vidole vitatu mkononi, akasikiliza mapigo ya mshipa. Akasema vata hutambaa kama nyoka, na nyoka wangu amelala fofofo. Kapha huenda kama bata, naye hana neno. Lakini pitta, yule chura, anaruka ajabu. Akaniuliza ninamwonea nani wivu. Nikasema simwonei mtu. Ouseph akakohoa.

Kaniongezea siku saba! Samli chungu siku tano, ya sita dawa ya kuharisha, ya saba kupumzika. Siku saba ni uji mara kumi na nne! Nilitoka mbio, ndipo nikakumbuka kuchechemea. Nikachechemea mguu mwingine.

Jumapili, 6 Agosti
Chooni mara kumi na moja. Uji umekuja mara mbili, na mara zote mbili sikuwepo. Ouseph anasema Devayani aliuliza niko wapi, naye akamweleza. Kwa kirefu.

Jumanne, 8 Agosti
Nimekwisha.

Miko naijua tangu utotoni: idadi ya siku ulizotibiwa ndiyo idadi ya siku utakazoshika miko baada ya tiba. Kujumlisha ndiko kulikonishinda. Kumi na nne zingeisha tarehe kumi na nne. Ishirini na moja zinaisha tarehe ishirini na nane, naye anaondoka kumi na saba! Nimewekwa chumba cha nyuma. Nisipigwe na upepo, nisisafiri, nisikasirike, nisitamani, nisipose. Mganga anasema mwili uliolainishwa kwa mafuta ni kama chungu kibichi, ukiuharakisha unapasuka.

Nikamsihi anipunguzie. Akauliza nina haraka ya nini. Nikasema miavuli.

Alhamisi, 17 Agosti
Jua, baada ya mwezi mzima! Kaka yake Devayani kafika asubuhi. Nilichungulia dirishani hadi saa sita, kisha nikashindwa. Nikajifunika shuka kichwani, nikaingia sebuleni, nikafungua kinywa. Mganga akainua kidole. Mtu wa miko haposi, akasema, wala nyumba hii haisikilizi posa yake. Kaka mtu akatazama kalenda ukutani. Nikarudi chumbani na shuka langu.

Saa tisa Devayani kaja dirishani na bakuli. Mwezi wa uji uliisha jana. Hakuna aliyemtuma kupika.

"Kaka Fundi," akasema, "goti lako lilipona tarehe thelathini. Nilikuona ukipanda ngazi za bwawa."

Nikapokea bakuli, nikanywa.

"Nilikuhesabia siku. Zilikuwa zinatosha, na mbili zinabaki za kunyoa ndevu."

Nilitaka kumwambia yote. Kwamba nasikia upawa wake kabla sijasikia mvua. Kwamba miavuli yote niliyoshona sijawahi kumshikia mtu hata mmoja. Nikasema uji una chumvi ya kutosha. Akachukua bakuli, akaenda. Gari liliondoka saa kumi na robo, na mpaka sasa roho inaniuma.

Jumanne, 29 Agosti
Miko imeisha! Leo sikukuu ya Onam, kila mlango umepambwa maua. Ouseph kaja kumsalimu mganga, akaniletea habari. Devayani hajaposwa. Kaka yake ana nyumba ya matibabu kule Palakkad, na Devayani ndiye anayewapelekea wagonjwa chakula. Ouseph anajua ratiba zote kwa kichwa.

"Kuna basi la saa mbili asubuhi," akasema. "Panda, fika, sema. Huumwi kitu wewe."

Ndilo tatizo lenyewe! Mtu mzima hawezi kubisha hodi nyumba ya matibabu akiwa mzima. Watasemaje? Konda huyu hajui kupenda. Nimemwomba dengu kavu, kanipa huku akitikisa kichwa, na sasa nimekaa barazani kifua wazi, nangoja upepo. Safari hii goti la kushoto. Wala siku kumi na nne hazinitoshi. Nitaomba ishirini na nane, nimwone asubuhi na jioni, na ya mwisho nitasema.